Madini ya Titi la Kushoto

Jumanne moja ya mwezi wa tano, saa sita na dakika kumi mchana, Gertrude aliingia katika depo ya kununulia madini kwenye barabara ya Kambove, mjini Likasi, amebeba beseni la chakula cha mume wake. Ndani kulikuwa na bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, na vipande viwili vya samaki wa Kapolowe. Alipoinama kulitua mezani, mashine ya kupimia kiwango cha madini, ile yenye umbo la bastola, ililia mara mbili. Divin, karani wa depo, alikuwa ameiacha ikiwaka, mdomo wake ukielekea mlangoni. Alitazama kioo chake: kobalti tatu nukta nane, shaba moja nukta mbili. Akaandika daftarini kwa mazoea, kisha akauliza mzigo ni wa nani.

"Mzigo gani?" Ambroise aliuliza. Yeye ndiye aliyekuwa mume, na ndiye mchukua sampuli wa depo. "Huyu ni bibi yangu. Analeta bukari."

"Basi bukari yenu iko na cobalt," Divin alisema. "Trois virgule huit."

Wakapima bukari, hakukuwa na kitu. Wakapima sombe, hakukuwa na kitu. Samaki walionyesha kidogo, kama kawaida ya samaki wa huku. Wakapima beseni, kitambaa kilichofunika beseni, na kandambili za Gertrude.

"Musichoke bure," Gertrude alisema. "Hapa njo iko." Akaweka mkono juu ya titi lake la kushoto.

Divin alielekeza mashine pale. Tatu nukta nane. Akakata neno aliloandika mwanzoni, akaandika upya: Mama Gertrude, titi la kushoto.

Ni lazima isemwe kwamba mashine za depo husema uongo, kila siku, na siku zote kwa upande mmoja, yaani chini. Mchimbaji akileta jiwe lenye kiwango cha sita, mashine husoma nne, na mwenye depo hula tofauti. Hakuna mtu Likasi asiyejua hilo, na hakuna aliyewahi kulikomesha. Kwa hiyo Ambroise alielewa papo hapo kwamba kiwango cha kweli cha mke wake kilikuwa juu zaidi. Alikaa kwenye mfuko wa mawe, na chakula kikapoa.

Uvimbe ule Gertrude alikuwa ameugusa mwezi wa kwanza, akijisugua bafuni. Wakati huo ulikuwa mdogo kama punje ya njugu. Alikwenda hospitali wiki ile ile, maana si mwanamke wa kuahirisha mambo. Daktari kijana, jina lake Benoît, alimpima kwa mikono yake miwili, polepole, kushoto, kulia, na chini ya makwapa, kisha akamwambia ukweli bila kuuzungusha.

"Mama, inaweza kuwa cancer. Inaweza pia kuwa hakuna kitu. Inafaa kutosha kanyama kadogo na kukasoma. Bila vile, hakuna muntu anaweza kujua, hata minye docteur."

Sindano ya kutolea kinyama hicho haikuwepo. Ingekuja. Na siku ambayo ingekuja, kinyama kingepelekwa Lubumbashi, ambako kulikuwa na msomaji mmoja tu wa vinyama, na vinyama vya mkoa mzima vilikuwa vinamngoja ndani ya vichupa. Benoît aliandika karatasi, akamwambia apite kila Jumatatu kuulizia. Gertrude alikuwa amepita Jumatatu kumi na saba. Kila mara muuguzi wa dirishani alimwambia, "Bado, Mama," kwa sauti ya upole, na upole huo ndio uliomchosha kuliko kitu kingine chochote.

Katika miezi hiyo uvimbe ulikua na ukawa mzito. Mwezi wa tatu Gertrude alianza kutembea ameegemea kushoto, na ngazi za kanisa zilimpa taabu. Yeye ni fundi wa nguo, anashona sare za wanakwaya na za akina mama wa parokia. Akashona mfuko mdogo upande wa kulia wa sidiria yake, Ambroise akaujaza kokoto zilizooshwa, akipunguza na kuongeza mpaka mke wake akasimama wima. Majirani wa mtaa wa Kikula walifurahi kumwona anatembea vizuri tena.

Sasa mashine ya depo, kwa sekunde nne, ilikuwa imesema kile ambacho hospitali haikusema kwa miezi minne. Ambroise hakushangaa. Alikasirika. Miaka thelathini, kwanza kiwandani na baadaye depo, kazi yake ilikuwa kuchukua sampuli, na aliijua heshima ambayo jiwe hupewa. Mzigo ukifika kutoka Kakanda, hata ukiwa ndani ya mifuko iliyopasuka, humwagwa, huchanganywa kwa sepetu, husawazishwa na kugawanywa robo nne. Robo mbili hutupwa, mbili huchanganywa tena, na hivyo hivyo mpaka kubaki konzi moja inayowakilisha mzigo wote. Konzi hiyo hukatwa nusu. Nusu moja huenda kwa mnunuzi. Nusu nyingine hutiwa kwenye mfuko, hufungwa kwa lakiri, na kupewa mwenye mzigo. Wanaiita témoin, yaani shahidi, kwa sababu mnunuzi akisema uongo, mwenye mzigo anacho cha kupeleka kwingine kikasomwe. Ambroise alikuwa amewafukuza wasaidizi wawili kwa kosa la kusahau shahidi.

"Jiwe ya mutu mwenye hatujue jina yake tunaisoma siku ile ile," alimwambia Divin. "Bibi yangu, Jumatatu kumi na saba."

Divin alikubali kwamba hilo halikuwa sawa. Akamsogezea beseni.

Huku hakuna anayeamini depo moja. Kesho yake mume na mke walikwenda kwenye depo nyingine mbili, kama afanyavyo kila mwenye mzigo mwenye akili. Ya pili ilisoma tatu nukta moja. Ya tatu, ambayo watu husema ina afadhali, ilisoma nne nukta sita. Wachimbaji waliokuwa kwenye foleni walimpisha Gertrude kwa vile mzigo wake ulikuwa mdogo. Mmoja alimshauri akaukaushe kwanza, "juu banakataka ya mayi, Mama," yaani depo hukata bei kwa ajili ya maji, na Gertrude alimshukuru.

Madaftari ya depo zote husomwa kila jioni na kampuni yenye kibali cha uchimbaji. Ijumaa asubuhi gari jeupe lilisimama mbele ya nyumba yao. Aliyeshuka alikuwa Ingénieur Jean-Luc, mwanajiolojia wa kampuni, mtu msafi, mwenye adabu, aliyevua kofia ya plastiki kabla ya kuingia. Alikunjua ramani juu ya meza ya cherehani na kueleza kwamba kibali cha kampuni kinashika madini yote yaliyo ndani ya mipaka, yawe chini ya udongo au chini ya kitu kingine chochote. Nyumba ilikuwa ndani ya mipaka. Kiti cha Gertrude kilikuwa ndani ya mipaka.

"Na kama niko ku soko?" Gertrude aliuliza.

"Gisement, yaani mahali madini yamelala, inahesabiwa pale inalalaka usiku, Mama. Usihangaike."

Gertrude alimwambia kwamba hakuwa anahangaika, alikuwa anauliza.

Wiki iliyofuata alipimwa na watu tisa. Jumatatu walikuja wawili wenye mizani. Jumanne alikuja mwanamke mwenye chombo cha kupiga picha za ndani, akapiga picha arobaini, na kila moja alimwonyesha. Jumatano walikuja wapima mipaka, wakapiga nguzo ya saruji yenye nambari karibu na mlango wa jiko. Wote walivaa glovu mpya, na hakuna aliyemwambia Gertrude akanunue glovu hizo dukani kabla ya kuguswa. Walimuuliza kama anaumia. Walimletea kiti chenye mgongo. Alipolala jioni ile alimwambia mume wake kwamba tangu azaliwe hajawahi kutazamwa vizuri namna hiyo, na kwamba angependa kumtukana mtu lakini hajui aanze na nani.

Alhamisi alikuja mchoronga, fundi wa kutoboa miamba na kutoa sampuli. Mashine yake ilikuwa ndogo, ncha yake nyembamba. Alimdunga dawa ya ganzi, akangoja ishike, akachoronga. Gertrude alibana meno. Ambroise alimshika mkono wa kulia na kumfuta jasho la usoni kwa pembe ya kitenge. Kilichotoka ndani ya bomba kilikuwa kijiti chenye urefu wa kidole. Nusu yake ilikuwa jiwe jeusi lenye kung'aa kidogo. Mwisho wake mwingine ulikuwa nyama.

Ambroise aliiona nyama ile kwa macho yake. Ilikuwa ya rangi ya waridi iliyofifia, yenye mishipa, kubwa kuliko alichokuwa anakihitaji Daktari Benoît tangu mwezi wa kwanza. Walikitia kijiti kwenye chupa, wakabandika nambari, Jean-Luc akatia sahihi, mchoronga akatia sahihi, Ambroise akatia sahihi, gari likaondoka. Ndege ilikuwa inangoja Lubumbashi.

Jioni, akinawa mikono ili wale, Ambroise alisimama ghafla na maji yakimchuruzika viwikoni.

"Nini?" Gertrude aliuliza.

"Nilisahabu témoin."

Gertrude alikuwa ameolewa na mtu huyu miaka ishirini na sita na alijua maana ya neno lile mdomoni mwake.

"Weye?" alisema.

"Minye. Nilikuwa nakupanguza uso."

Hakula usiku ule. Asubuhi alikuwa mlangoni pa ofisi ya kampuni kabla ya walinzi kubadilishana zamu. Jean-Luc alimpokea vizuri, akampa kahawa. Kijiti kilikuwa kimeshaondoka, alisema, lakini hakukuwa na haja ya wasiwasi: maabara ya huko kusini ilikuwa kubwa, na majibu yangerudi baada ya siku nne.

"Na nyama? Nyama nayo batasoma?"

"Tout, Papa. Kila kitu kinapita mu analyse."

Ambroise alikwenda moja kwa moja hospitali kumwambia Benoît kwamba jibu lingefika Jumanne. Benoît alimkumbatia. Kwa siku nne watu hao watatu walikuwa na furaha, na si haki kuwacheka, maana walikuwa wameahidiwa.

Majibu yalifika Jumanne, kama walivyoahidiwa, kurasa thelathini na mbili zilizojalidiwa vizuri. Titi la Gertrude lilikuwa limechorwa kwa rangi, na mistari ya mwinuko kama mlima. Kobalti sita nukta nne. Shaba mbili kamili. Manganizi, chuma, nikeli. Kulikuwa na ukurasa mzima wa jinsi madini yanavyokua kwa mwezi, na mwingine wa uzito unaotarajiwa mwakani. Waliupeleka waraka ule hospitali, Benoît akausoma amesimama, ukurasa kwa ukurasa, akilamba kidole. Alipofika kwenye jedwali la mwisho alirudia mstari wa chini kabisa, kisha akawasomea kwa sauti.

"Stérile: nyama ya mwili, asilimia arobaini na moja. Imeoshwa kwa asidi na kutupwa."

Stérile ndilo jina ambalo watu wa migodi hukiita chochote ambacho si madini. Udongo ni stérile. Mizizi ni stérile. Likasi ina vilima vizima vya stérile, na watoto huteleza juu yake.

"Baliitupa," Benoît alisema. "Kale kanyama kenyewe. Kalikuwa mu mikono yabo."

Akapiga ngumi kwenye kabati la dawa, ambalo lilikuwa tupu na likalia kwa nguvu. Kisha akakaa, akafikiri, akamgeukia Gertrude.

"Mama, minachoka kungojea. Na jibu ao bila jibu, hiki kintu inafaa kitoke. Kama ni cancer, kila mwezi inatembea. Vendredi nitakupasua mwenyewe."

"Vendredi," Gertrude alisema. "Hata lelo niko tayari."

Kilichokuja kabla ya Ijumaa kilikuwa mlinzi. Kampuni ilimleta Jumatano, pamoja na kiti cha plastiki na sare ya kijani. Jina lake lilikuwa Augustin. Alikaa karibu na nguzo ya saruji, na Gertrude akitoka, naye alitoka, hatua tatu nyuma. Alikwenda naye sokoni, alikwenda naye kwenye mazoezi ya kwaya, na padri akamwonyesha mahali pa kukaa. Hakuwa mtu mbaya. Alimsaidia kubeba kuni.

Ijumaa alikwenda naye hospitali. Gertrude alikuwa ameshavua nguo zake na kuvaa ile ya kijani inayofungwa mgongoni, Benoît ameshanawa mpaka viwikoni, Augustin alipoinuka mlangoni na kutoa karatasi mfukoni. Karatasi ilisema kwamba kutoa madini yoyote ndani ya mipaka ya kibali bila ruhusa ya kampuni ni wizi, na kwamba kifaa kitakachotumika kitachukuliwa.

"Unasema bisu yangu ni ya muizi?" Benoît aliuliza.

"Minye sisemi kitu, Docteur. Niko mu kazi tu. Ni karatasi njo inasema."

Benoît alimfokea kwa maneno ambayo wagonjwa wa korido nzima waliyasikia na kuyapenda. Mkurugenzi wa hospitali akaitwa. Alivaa miwani, akasoma karatasi mbele na nyuma, akasema kwa huzuni ya kweli kwamba hospitali ina leseni ya upasuaji lakini haina leseni ya uchimbaji. Hilo lilikuwa sahihi kabisa. Gertrude akavaa nguo zake. Ambroise, aliyekuja naye, akamfungia kitenge.

Ambroise alirudi kwenye ofisi ya kampuni siku ile ile. Alikuwa na maombi mawili, na aliyaandika ili asisahau tena. Kwanza, wachoronge upya, na safari hii wamwachie nusu yake. Kama hawataki hilo, basi watoe ruhusa daktari akate, na mawe wachukue wao yote, hakuna anayeyataka.

Jean-Luc alisoma, akaikunja karatasi kwa uangalifu.

"Kuchoronga tena hapana, Papa. Ile gisement tunaijua bien. Tutachoronga juu ya nini?"

"Juu ya nyama."

"Nyama ni stérile."

"Basi mukate."

Jean-Luc alivuta kiti karibu, kama mtu anayemweleza mzee wake jambo la kawaida. Bei ya kobalti ilikuwa imelala, alisema. Kuitoa sasa kungekuwa hasara. Wakubwa walikuwa wameamua mahali pale pawekwe akiba mpaka bei iamke.

"Mutaiacha mu mwili yake?"

"Iko bien pale. Haiibiwe, hailowane na mvula, iko na mulinzi. Ingekuwa mu dépôt tungelipa nafasi."

Ambroise, ambaye alikuwa na miaka hamsini na minane na hajawahi kupaza sauti ofisini, alimtukana Jean-Luc, akamtukania mama, akaitukania mama kampuni, na akamaliza kwa bei ya kobalti. Alisema kwamba mawe wanayaheshimu kuliko watu, kwamba jiwe lina shahidi na mke wake hana. Walinzi wawili walimshika viwiko na kumtoa nje bila kumwumiza. Mmoja alimwokotea kofia.

Nyumbani aliendelea kulilia shahidi. Alisema akila, alisema akiwa amelala. Ikawa wiki tatu. Jioni moja Gertrude aliweka mkasi chini, akamwita kwa jina la binti yao.

"Papa Dodo, wacha ile maneno ya témoin. Nimechoka nayo kupita hata uvimbe. Hata ungekuwa nayo mu mfuko, ungeipeleka wapi?"

Ambroise alifikiri. Angeipeleka Lubumbashi, kwa msomaji mmoja, ikangoje ndani ya kichupa pamoja na vile vingine.

"Basi," Gertrude alisema. "Kama unataka kunisaidia, kuya hapa. Mukono ya kushoto inaniuma, na miguu nayo haina nguvu. Kanyaga mashine."

Kuanzia siku hiyo walishona wawili. Ambroise alikaa upande, akakanyaga pedali ya cherehani, na Gertrude aliongoza kitambaa kwa mkono wa kulia. Mwanzoni alikanyaga haraka mno na mikono ya sare za kwaya ikatoka imepinda. Baadaye walipatana. Alijifunza kumpikia uji asubuhi, kumwosha mgongo, kumchana nywele bila kuvuta, na kuongeza kokoto upande wa kulia kila Jumapili kabla ya misa. Dodo, binti yao mkubwa, anayefundisha shule ya Mulungwishi, alikuja mara mbili na kulia jikoni, na mara zote mbili mama yake alimwambia alie baada ya kuosha vyombo. Jumatatu walipita hospitali wote wawili, na Augustin nyuma. Benoît alitoka kila mara kuwasalimu. "Bado, Mama," muuguzi alisema dirishani.

Kiangazi kikapita namna hiyo. Mwezi wa kumi, wiki ambayo mawingu yalikuwa yanakusanyika lakini mvua inakataa, Gertrude alikuwa anaanika nguo na akashindwa kuinua mkono wa kushoto mpaka kwenye kamba. Ambroise alikuja akatia vidole chini ya kwapa lake. Palikuwa na kokwa tatu, ngumu, zimepangana.

Walijua wote wawili. Ambroise hakuwa na mtu wa kumpiga isipokuwa Augustin, na Augustin alikuwa anashikilia beseni la nguo. Augustin naye alikuwa ameona. Kazi yake ilimlazimu kutoa taarifa, na akatoa.

Kesho yake, saa nane mchana, gari jeupe likasimama. Jua lilikuwa linachoma. Gertrude alikuwa amekaa nje kwenye kivuli chembamba cha ukuta, kando ya pipa la maji ambalo Ambroise alikuwa amelijaza asubuhi. Jean-Luc alisalimia vizuri, akaomba ruhusa, akaelekeza mashine chini ya kwapa. Saba nukta moja. Akaielekeza juu zaidi, kwenye shingo, juu ya mfupa wa bega. Mbili nukta tisa. Akapima tena ili kuhakikisha, na uso wake ukafunguka kwa furaha aliyoshindwa kuificha.

"Papa, Mama, iko na mwendelezo upande wa kaskazini," alisema. "Hatukuwaza kabisa. Mu rapport bataandika kama ni kati ya zile za muzuri mu secteur yote."

Alimpigia simu mkubwa wake palepale, akamtajia nambari. Msaidizi wake akaanza kupima kwa hatua ili nguzo ya pili ipigwe. Jean-Luc alipokata simu alimnyoshea Ambroise mkono.

"Félicitations, Papa. Hongera."

Ambroise aliutazama mkono ule mpaka ukarudi wenyewe.

"Docteur anasema ikitembea vile, itaniua," Gertrude alisema.

"Nasikia, Mama. Nitaandika." Na kweli aliandika, kwenye daftari, kisha akajifuta shingo kwa leso. Alikuwa amesimama juani muda mrefu. "Mama, munipe kamayi ka kunywa. Hii jua itatumaliza."

Huku hata anayekuja kukufukuza nyumbani kwako hupewa maji kwanza. Pipa lilikuwa wazi, limejaa mpaka ukingoni, na kikombe kilikuwa kinaelea juu yake. Msaidizi alikiona. Augustin alikiona, akainamisha kichwa.

Gertrude aliangalia maji, akamwangalia Jean-Luc.

"Mayi hakuna," alisema.

Jean-Luc alingoja kidogo, akidhani labda hakusikia vizuri. Ambroise akaokota kifuniko cha pipa, akafunika, akakaa juu yake.